Haki ya Mchuuzi Baada ya Vita

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake kwa njia wazijuazo na kwa njia wasizozijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aufuataye mwendo wao mwema.

Ama baada ya haya.  Nakuusieni, na nafsi yangu naiusia kwanza, tumche Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika kuuziana na kununuliana kwetu pia. Kwani wako watu wengi ambao ucha Mungu wao huishia mlangoni mwa msikiti, pale wanapovaa viatu vyao kwenda sokoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye vita vinapokwisha aghalabu hakumbukwi. Wakuu wa pande zilizopigana huitwa mkutanoni wakapewa viti vya mbele. Wapiganaji hutafutiwa kazi ili waweke silaha chini. Wageni hutoka nchi za mbali na fedha za kujengea barabara na madaraja. Yote hayo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini yuko mama auzaye maziwa, yuko fundi cherehani wa barazani, yuko mwenye kiduka cha sukari na chumvi na mafuta ya taa. Huyo ndiye aliyechomewa kila kitu, na huyo huyo ndiye wa kwanza kurudi, kwa kuwa hana akiba ya kumweka huko alikokimbilia. Naye akirudi, watu hawamwiti mpatanishi. Humwita mchuuzi tu.

Basi jueni ya kwamba mkataba wa amani hutiwa sahihi siku moja, lakini hujaribiwa kila asubuhi, wakati mtu wa upande huu anaposimama mbele ya meza ya mtu wa upande ule, fedha i mkononi mwake, akawa anafikiri anunue au apite. Akipita yeye, na wa pili akapita, na wa tatu, mwenye meza atafunga vitu vyake na kuhama tena, na ule mkataba utabaki karatasi.

Nimewasikia watu wakisema kwamba biashara haina ukoo wala kabila, na kwamba watu wakiachwa wauziane watapatana wenyewe. Maneno haya ni matamu, lakini historia haiyaungi mkono. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na soko kubwa la Ukadhi, na walikuwa na miezi mitukufu ambayo ndani yake hawakupigana, ili watu waende sokoni na kurudi salama. Juu ya hayo, vita vile vya Fijari, walivyopigana Makuraishi na wenzao dhidi ya makabila ya Hawazini, vilianza kwa mauaji ya mtu aliyejitwika dhamana ya kuulinda msafara wa bidhaa uliokuwa ukielekea soko hilo hilo la Ukadhi. Soko, basi, laweza kupatanisha na laweza kugombanisha. Linalopambanua baina ya mawili haya ni kama mnyonge anapodhulumiwa sokoni, yuko wa kumpa haki yake au hayuko.

Tazameni yaliyotokea mara baada ya vita hivyo. Alikuja Makka mtu wa Zabidi, kutoka Yemen, na bidhaa zake chache. Akazinunua Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa mji, kisha akakataa kulipa. Yule mgeni akaenda kwa huyu na kwa yule, kila mmoja akamtazama Al-As, akaona ukubwa wake, akanyamaza. Mwisho mgeni akapanda juu ya kilima cha Abu Qubays, Makuraishi wakiwa wamekaa karibu na Al-Kaaba, akapaza sauti kuwalilia dhulma aliyotendewa. Akasimama Zubayr bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, na baadhi ya koo za Makka wakakusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Judaan. Wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-As, wakamtoza mali ya yule mtu, wakamkabidhi mwenyewe.

Agano hilo ndilo liitwalo Hilful-Fudhul. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwamo, naye bado kijana, kabla ya kupewa Utume, na baadaye, katika Uislamu, alilitaja kwa kulisifu na kusema kwamba hata sasa angeitwa kwa agano kama lile angeitika. Zingatieni, ndugu zangu: mji umetoka vitani, una mambo mengi ya kutengeneza, na jambo linalowakusanya wenye akili ni deni la mchuuzi mmoja wa ugenini. Hawakuliona kuwa jambo dogo.

Na Madina nayo ilikuwa mji uliotoka vitani. Aus na Khazraji walikuwa wamepigana kwa muda mrefu, na pigano lao la mwisho, la Buathi, lilikuwa miaka michache tu kabla ya Hijra ya mwaka 622. Katika mji wenye jeraha bichi namna hiyo wakaingia Muhajirina, watu walioacha nyumba na mali zao Makka. Mtume (s.a.w.) akawaunganisha kwa udugu, na kila mmoja wetu anakijua kisa cha Abdurrahman bin Auf, aliyepewa Saad bin Rabii kuwa ndugu yake. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akasema aonyeshwe soko. Akaanza kwa kuuza jibini kavu na samli. Yule tajiri tunayemsoma vitabuni alianza upya kwa samli!

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kumsifu Abdurrahman kwa juhudi yake, na ni haki. Mimi napenda mtazame pia soko lenyewe. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachagulia Waislamu mahali pa soko lao, asiweke juu yake ushuru, wala asiruhusu mtu kujitengea mahali pa daima, aliyewahi asubuhi ndiye aliyekaa hapo mpaka amalize shughuli yake. Fikirini maana yake kwa mtu aliyekimbia vita, asiye na ndugu mjini wala fedha ya kukodi duka. Kesho yake ana mahali. Tena Mtume mwenyewe akipita sokoni, na siku moja akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini imelowa na juu imekauka, akamkemea mwenye nayo. Hakuliacha soko lijiendeshe lenyewe, wala hakulikamua.

Ndugu wasikilizaji, asiseme mtu kwamba hayo ni ya zamani na watu wake wamekwisha. Nitakutajieni mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na mambo yaliyopita katika miaka ambayo wengi wetu twaikumbuka.

Nchi ile ilitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi mwaka 1991. Mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 yalikuwa hayajasahauliwa. Ikaja ukame mkali wa mwaka 1991 na 1992, ng'ombe na ngamia wakafa, na wafugaji wengi wakaingia mjini kutafuta riziki kwa uchuuzi. Jirani yao Somalia dola ilikuwa imeanguka Januari 1991, na bunduki zikivuka mpaka. Basi ugomvi wa malisho na visima na siasa za uchaguzi ukageuka vita vya koo, hasa baina ya Ajuran na Degodia, na Waogaden nao wakaingia. Wote hao ni Waislamu, wanaosali kuelekea kibla kimoja. Watu wengi waliuawa, mifugo ikaporwa, walimu na waganga waliotoka mikoa mingine wakaondoka.

Ugomvi ukaingia hata sokoni. Mwanamke wa ukoo huu akawa hamuuzii wa ukoo ule, wala hanunui kwake, na sokoni wakafikia kupigana. Hapo ndipo wanawake wachache wa mji, waliokutana katika harusi na kuanza kuzungumza juu ya msiba huo, walipouliza: sisi, tusio na bunduki wala cheo, twaweza kuanzia wapi? Miongoni mwao alikuwapo Dekha Ibrahim Abdi, wakati huo mwalimu wa shule asiyefika umri wa miaka thelathini. Wakaanzia sokoni. Mwaka 1993 wakakubaliana, wanawake wa koo zote, kwamba mwanamke yeyote auze na anunue pale kwa uhuru, bila ya kuulizwa ukoo wake. Wakaweka kamati ya wanawake ya kuliangalia soko kila siku, na kila kisa cha matusi au cha kumzuia mtu kikapelekwa kwao kabla hakijafika kwa wanaume wenye silaha.

Kwa nini soko, na si uwanja wa mikutano? Kwa sababu maziwa hayangoji. Mama aliyeleta maziwa asubuhi katika jua la Wajir, yakifika adhuhuri hayajanunuliwa ni hasara, na jioni watoto wake hawali. Mtu wa mkutanoni aweza kususa mwezi mzima, naye anakula kwake. Mchuuzi hawezi kususa, wala hana nafuu ya kususiwa. Kwa hiyo yeye ndiye anayeyapima maneno ya amani kwa mizani iliyo sahihi, na ndiye mwenye haja nayo kuliko wote. Kadhalika jirani yake wa meza ya pili ni wa ukoo wa pili. Wakiisha kuangaliziana vitu mmoja anapokwenda kusali, na kuvunjiana noti ya chenji, habari hufika nyumbani kwamba yule si mnyama kama tulivyoambiwa.

Soko lilipotulia, wanawake hao wakawaendea wazee, na vijana, na wafanyakazi wa serikali, na maulamaa. Tarehe 29 Septemba 1993 wazee wa koo wakatoa azimio lililojulikana kwa jina la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurudisha amani. Haikuwa kazi ya siku moja, na mapigano yalizuka tena zaidi ya mara moja. Lakini ile kamati iliyotokana na juhudi hizo, Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikawa mfano, na kamati za amani za namna hiyo zikaenea Kenya, na zikapelekwa katika wilaya nyingine baada ya machafuko ya mwaka 2008. Dekha Ibrahim Abdi alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki dunia Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa yatupasa tuseme na upande wa pili, maana si kila biashara inapenda vita viishe. Mogadishu ilipokuwa haina serikali, watu wenye bunduki waliweka vizuizi njiani na kutoza kila gari lipitalo. Mfanyabiashara mkubwa aliweza kuajiri walinzi wake mwenyewe, akapita, akaongeza gharama hiyo juu ya bei, na mnunuzi akailipa. Mwenye gunia moja la unga hakuweza. Vivyo hivyo mkaa: misitu ya Somalia ikakatwa na mkaa ukasafirishwa ng'ambo kwa meli, na wenye silaha wakipata fedha kwa njia hiyo, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaupiga marufuku mnamo Februari 2012. Basi mtu akikwambia kwamba biashara huleta amani, mwulize, biashara ya nani? Mwenye kibanda hupata faida watu wanapotembea bila hofu. Yuko mwingine ambaye faida yake ni hiyo hofu. Msiwaweke watu hawa wawili katika fungu moja, wala msiwape wote heshima moja kwa kuwa tu wote huitwa wafanyabiashara.

Enyi ndugu zangu, nakuja sasa katika jambo lililo zito zaidi, na nalisema wazi kwa kuwa ndilo linalofichwa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Vibanda na maduka vikachomwa na kuporwa Kisumu, Eldoret, Naivasha na kwingineko. Wakuu wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Haya, tuseme wewe ni fundi cherehani, umerudi. Cherehani yako iko katika baraza ya mtu mwingine, inashona. Mabati ya kibanda chako yamo juu ya banda la kuku la jirani. Na wale wateja kumi uliowakopesha nguo na nauli ya mitihani ya watoto wao, wanapokuona wanavuka upande wa pili wa njia, kwa sababu wamekwisha jiambia kwamba deni lako limeungua pamoja na daftari lako.

Ndugu Mwislamu, deni haliungui. Vita havifuti deni, wala kuhama kwa mwenye kudai hakulifuti, wala kuwa yeye ni wa kabila ambalo watu wako wanaligombeza hakulifuti. Mtume wetu (s.a.w.), kama ilivyopokewa, aliletewa maiti akauliza kama ana deni, na alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipa, alikataa kumsalia yeye mwenyewe mpaka mtu mmoja alipojitwika deni hilo. Hilo ni deni la maskini aliyekufa hana kitu. Seuze la mtu mzima wa afya, anayelikana kwa kuwa tu mwenyewe alifukuzwa!

Na kitu kilichoporwa ni hivyo hivyo. Yuko anayesema, mimi sikupora, nimenunua. Umenunua kwa nani, na kwa bei gani? Cherehani ya maelfu ya shilingi ikiuzwa kwa bei ya kuku wawili, siku mbili baada ya soko kuchomwa, hakuna mnunuzi asiyejua ilikotoka. Mali ya mtu haitoki katika milki yake kwa kuibiwa. Alinunuaye hali anajua ameshiriki, na asiyejua akijua yampasa airudishe kwa mwenyewe, kisha amdai aliyemwuzia. Najua baadhi yenu hukuta hukumu hii ngumu. Walakini fikirini: mwenye cherehani anapita mbele ya baraza ile kila siku, anaisikia inavyolia, na kila mshono unaoshonwa unamwambia kwamba amani ile haimhusu yeye. Mtoto wake naye anasikia.

Asaa mtu akauliza, na yule ambaye kila kitu chake kimekuwa majivu, hakuna cha kurudishiwa? Huyu anahitaji mtaji, na mtaji wake si mkubwa. Wenzetu Wasomali, walipopoteza dola yao, wengi walianza kwa fedha walizotumiwa na jamaa walioko ughaibuni kwa njia ya hawala, na wanawake wao wakaendelea na ule mchango wa zamu wauitao ayuuto, ambao sisi twauita upatu. Iko pia njia ya mkopo mwema usio na riba, na njia ya mmoja kutoa mali na mwingine kutoa kazi, wakagawana faida kwa makubaliano. Hizi zote ni njia tunazozijua kwa majina, na tunazitumia kidogo mno.

Tena iko zaka. Wengi wetu tumeizoea zaka kuwa ni visenti vya kugawa mlangoni mwezi wa Ramadhani, mtu apate futari ya siku mbili. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii hawakuishia hapo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu kwamba maskini ambaye kazi yake ni biashara hupewa katika zaka kiasi cha mtaji wa biashara yake, na akapambanua kazi kwa kazi: muuza mboga hutosheka na dirhamu tano au kumi, na muuza vito huhitaji maelfu. Tazameni jinsi fakihi huyu alivyomjali muuza mboga hata akahesabu mtaji wake! Tungaliishika hukumu hii, maskini wengi wangeipokea zaka mara moja tu, na mwaka wa pili wangekuwa hawaihitaji.

Basi katika kila mji uliopatwa na misukosuko, nawaomba maimamu na kamati za misikiti wakae na daftari. Waandike jina la kila mchuuzi aliyerudi, Mwislamu au si Mwislamu, kwa maana sadaka na mkopo mwema havina mpaka huo, hata ikiwa zaka ina wenyewe. Waulize alikuwa akiuza nini, mzigo wake wa kwanza ni wa shilingi ngapi, nani anadaiwa naye, na kitu chake gani kimeonekana kwa nani. Wanaodaiwa waitwe kwa faragha na kwa upole, kabla ya kutajwa mbele ya watu. Mwenye kitu cha mwenziwe apewe njia ya kukirudisha usiku, pasipo kuulizwa neno, hata kama ni kukiweka tu uani mwa msikiti. Na wenye kutoza watu ushuru wasiotumwa na sheria yoyote, wakisimama mlangoni mwa soko, wazee waende kwao wakiwa wengi, asiende mmoja peke yake.

Na sisi tulio wanunuzi, leo baada ya sala tutapita sokoni kununua kitoweo. Yuko pale mtu ambaye tangu arudi hatujasimama mbele ya meza yake.